Fedha Kwenye Kidonda

Ule mstari mwekundu unaochomoza kwenye kipimo cha haraka cha malaria, iwe zahanati ya Kigoma au ya Lamu, kwa kawaida ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, ila imefanywa ndogo mno hata ikapoteza rangi yake ya njano na kuwa nyekundu kama damu ya mzee. Michael Faraday aliwaeleza wanasayansi wa London jambo hilo mwaka 1857, na kwa zaidi ya karne moja likabaki kioja cha maabara. Siku hizi chembe za namna hiyo huitwa chembenano: vipande vya metali vyenye upana wa nanomita 1 hadi 100, wakati unywele mmoja wa binadamu una nanomita 80,000 hivi. Ndani ya kipimo cha malaria chembe hizo hazitibu kitu, zinatoa habari tu. Lakini kwa miaka kama ishirini sasa, maabara za Iran, Uturuki, Pakistani, Brazil na kwingineko zimekuwa zikizitwika mzigo mzito zaidi, yaani kuua vimelea vinavyotafuna ngozi, hasa lishimania. Makala za kitaalamu zimejaa habari njema: fedha inaua, zinki inaua, dhahabu inaua, shaba inaua. Dawa iliyosajiliwa na kufika mikononi mwa wagonjwa kutokana na habari hizo haipo. Wako wanaoona pengo hilo kuwa ni ukosefu wa mtaji tu. Mimi naona limeanzia kwenye swali lenyewe. Kwamba metali huua kimelea ni jambo tunalolijua kwa zaidi ya miaka mia moja. Kinachotushinda ni jinsi metali hiyo itakavyofika mahali kimelea kilipo, na jinsi itakavyoondoka ikishamaliza kazi.

Lishimaniasisi ya ngozi huenezwa na usubi jike, mdudu ambaye ukubwa wake ni kama theluthi moja ya mbu na ambaye akiruka hasikiki. Anapofyonza damu huacha vimelea, na wiki au miezi kadhaa baadaye pale alipouma huota kijipu, kikapasuka, kikawa kidonda cha duara chenye kingo zilizoinuka. Mara nyingi hakiumi, na ndiyo maana wengi huchelewa kwenda kutibiwa. Hukaa usoni, mikononi na miguuni, sehemu ambazo nguo haifuniki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka wanapatikana wagonjwa wapya kati ya 600,000 na milioni 1, wengi wao wakiwa nchi kama Afghanistan, Syria, Iraq, Algeria, Brazil na Colombia. Kwetu Afrika Mashariki jina linalojulikana zaidi ni la ndugu yake anayeua, kalaazari, ugonjwa wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana. Lakini hata ule wa ngozi tunao. Mapango ya Mlima Elgon yana pimbi wanaohifadhi kimelea cha Leishmania aethiopica na usubi wanaokihamishia kwa watu, na maeneo ya Gilgil, kaunti ya Nakuru, yana aina nyingine. Nchi iliyoelemewa zaidi katika ukanda huu ni Ethiopia, ambako nyanda za juu hukadiriwa kutoa wagonjwa 20,000 hadi 50,000 kwa mwaka na watu wa huko wana jina lao la ugonjwa, kunchir. Kidonda chenyewe hakiui. Kinaacha kovu, na kovu la shavuni huamua mengi katika maisha ya msichana ambayo daktari hayaandiki kwenye faili.

Anayesema kwamba matibabu ya metali ni uvumbuzi mpya amesahau historia. Mwaka 1910 Paul Ehrlich wa Ujerumani alitoa dawa ya aseniki kutibu kaswende. Mwaka 1912 Gaspar Vianna wa Brazil alitumia chumvi ya antimoni kwa wagonjwa wa lishimaniasisi, na miaka kumi baadaye Upendranath Brahmachari, akiwa Calcutta, akatengeneza mchanganyiko wa antimoni na yurea uliookoa watu wengi mno waliokuwa wakifa kwa kalaazari. Antimoni ingali nasi. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, sindano kila siku, kwa siku 20 kama ni kidonda cha ngozi. Inauma, inachosha moyo, inaweza kuvimbisha kongosho, na mkulima anayetembea saa tatu kufika hospitali hawezi kurudi kila siku kwa wiki tatu bila kuacha shamba. Binamu yake wa aseniki, melarsoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949 dhidi ya ugonjwa wa malale, ilikuwa ikiua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 iliowatibu, na bado madaktari wa Kongo na Uganda waliitumia kwa miongo mingi kwa sababu bila dawa mgonjwa alikuwa na hakika ya kufa. Vidonge vya feksinidazoli, vilivyopata kibali mwaka 2018, vilipowasili Kongo hakuna aliyeililia aseniki. Kwa hiyo tiba ya vimelea imetumia karne nzima ikijaribu kuzikimbia metali, na sasa maabara zinarudi kugonga mlango uleule. Kurudi si kosa. Ila anayerudi anapaswa kueleza kilichobadilika.

Sababu ya kisayansi wanayoitoa ni nzuri, tena nzuri sana. Seli zetu hujikinga na sumu za oksijeni kwa kutumia kemikali yenye salfa iitwayo glutathioni. Lishimania na jamaa zake wa malale hutumia kemikali nyingine, tripanothioni, iliyogunduliwa na Alan Fairlamb na Anthony Cerami mwaka 1985, ambayo binadamu hana. Antimoni hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuivuruga kinga hiyo. Fedha nayo hupenda salfa kama nzi apendavyo kidonda, na mwaka 2011 watafiti wa Italia walionyesha kwamba chembenano za fedha huzuia kimeng'enya kinachoihuisha tripanothioni. Mwaka huohuo wenzao wa Uturuki wakaripoti kwamba chembe hizo hudhuru Leishmania tropica, na hudhuru zaidi zikimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Kuna faida nyingine tena isiyopaswa kupuuzwa. Kimelea hiki hujificha ndani ya makrofaji, zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza takataka; na makrofaji, ikikutana na chembenano, huimeza. Dawa inayobebwa hadi chumbani kwa adui ni ndoto ya kila mtaalamu wa dawa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema utafiti huu ni upuuzi.

Shida inaanza tunapoangalia kilichouawa ni kitu gani hasa. Lishimania ina maumbo mawili. Ndani ya tumbo la usubi kimelea ni kirefu, kina mkia, kinaogelea. Ndani ya mtu ni duara, hakina mkia, kinaishi ndani ya kifuko chenye asidi katika makrofaji. Umbo lile la kwanza huoteshwa kirahisi kwenye chupa, kwa joto la nyuzi 26 hivi, na sehemu kubwa ya matokeo yanayoshangiliwa yanatokana nalo. Kusema fedha inatibu kidonda kwa kuwa imeua umbo la usubi ni sawa na kumpongeza askari aliyewakamata wezi waliokuwa wamelala barabarani. Yako majaribio yanayotumia umbo la ndani ya seli, na hayo ndiyo ya kusomwa kwa makini. Humo mara kwa mara kiasi kinachoua kimelea kinakaribiana mno na kiasi kinachoiua makrofaji yenyewe. Tena mwili una chumvi na protini nyingi. Fedha ikikutana na kloridi hugeuka kuwa kitu kisichoyeyuka, na protini huivika chembenano koti ambalo halikuwepo kwenye chupa, kwa hiyo kinachofika kwenye seli si kile kilichopimwa. Kabla ya yote hayo kuna ngozi yenyewe. Kimelea hakipo juu ya kidonda mahali marhamu inapopakwa. Kiko tabaka la ndani, zaidi kwenye kingo zile zilizoinuka ambazo ngozi yake haijapasuka.

Tukihamia kwa panya, uchaguzi wa panya unaweza kuamua matokeo kabla dawa haijafunguliwa. Aina moja ya panya wa maabara, BALB/c, hushindwa kabisa na Leishmania major na hufa. Aina nyingine, C57BL/6, hupona bila kutibiwa. Binadamu wengi wanafanana na ile ya pili. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo nadhani lingetosha kubadilisha mjadala mzima. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Tunisia kwa wagonjwa 375 wenye vidonda vya Leishmania major. Kundi moja lilipakwa krimu ya paromomisini na gentamisini, la pili krimu ya paromomisini peke yake, la tatu krimu ileile isiyo na dawa yoyote. Vidonda vilipona kwa asilimia 81, 82 na 58. Tuitazame hiyo 58. Krimu tupu, kidonda kikisafishwa na kufunikwa kila siku kwa siku 20, ilionekana kuponya zaidi ya nusu ya wagonjwa, kwa sababu aina hiyo ya kidonda hujiponea yenyewe ikipewa muda na usafi. Sasa chukua daktari yeyote mwenye chupa ya fedha, wagonjwa 20 na hakuna kundi la kulinganisha. Wakipona 12 ataandika kwamba dawa yake ina nguvu. Wakipona 14 ataitisha waandishi wa habari. Wala hatakuwa mwongo. Atakuwa ameona kwa macho yake kitu ambacho hakikusababishwa na yeye.

Mtu anaweza kunijibu kwamba antimoni yenyewe iliingia kazini bila majaribio ya namna hiyo, na hakuna aliyejua inafanyaje kazi, na bado iliokoa maisha. Ni kweli. Lakini Brahmachari alikuwa akitibu kalaazari, ambayo isipotibiwa huua karibu kila mgonjwa. Pale anayebaki hai ni ushahidi mwenyewe. Kidonda kinachojiponea hakitoi ushahidi wa bei rahisi kiasi hicho. Jibu jingine linalotolewa mara nyingi ni kwamba fedha imezoeleka, kwani krimu ya fedha na salfa imekuwa ikipakwa kwenye majeraha ya moto tangu mwisho wa miaka ya 1960. Hilo nalo ni kweli, ila krimu hiyo ilikuwa kwa ajili ya bakteria walioko juu ya jeraha, si kimelea kilichomo ndani ya seli, na mapitio ya tafiti za baadaye yameonyesha kwamba majeraha yaliyopakwa krimu hiyo huchelewa kupona kuliko yaliyofungwa bandeji za kisasa. Wengine husema vimelea haviwezi kuizoea fedha kwa kuwa inashambulia mahali pengi kwa wakati mmoja. Bakteria waliozoea fedha walipatikana kwenye wodi ya majeraha ya moto huko Boston mwaka 1975. Na lishimania yenyewe imeshajifunza kuishi na antimoni, kwa kuifungia mlango wa kuingilia na kuisukumia nje kwa pampu zinazoitambua metali iliyoshikamana na salfa. Huko Bihar, India, ambako antimoni ilishindwa kwa wagonjwa wengi, wapo watafiti wanaofikiri kwamba aseniki iliyomo kwenye maji ya visima ilivifundisha vimelea kazi hiyo hata kabla ya dawa. Hiyo ni dhana bado, lakini inamhusu sana anayetaka kutuletea metali nyingine.

Kuhusu kuondoka kwa metali mwilini, maabara nyingi hazisemi kitu. Antimoni, pamoja na ubaya wake, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Fedha hukaa. Madaktari wanajua tangu karne ya 19 kwamba fedha ikijikusanya ngozini huigeuza rangi kuwa ya kijivu inayoelekea buluu, na rangi hiyo haitoki. Hali hiyo hutokea hata pale dawa ilipopakwa kwenye jeraha tu. Fikiria basi ugonjwa ambao madhara yake makubwa ni alama usoni, halafu dawa inayoweza kuacha alama ya pili juu ya ile ya kwanza. Sijasema lazima itokee. Kiasi kinachotumika ni kidogo na chembenano zinaweza kuvishwa magamba ya kuzizuia zisitapakae. Ninachosema ni kwamba kipimo cha mafanikio katika tafiti hizi kimekuwa idadi ya vimelea vilivyokufa baada ya saa 24 au 72, wakati mgonjwa anauliza uso wake utakuwaje mwakani.

Kwa upande huu kuna somo la karibu zaidi, la funza. Kwa miaka mingi miguu yenye funza nchini Kenya imekuwa ikitumbukizwa kwenye maji ya zambarau ya pamanganeti ya potasiamu, ambayo nayo ni chumvi ya metali, tena kali. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lililinganisha maji hayo na dimetikoni, mafuta ya silikoni yasiyo na sumu yoyote. Baada ya siku 7, funza 78 kati ya 100 waliopakwa mafuta walikuwa hawana dalili ya uhai, dhidi ya 39 kwa pamanganeti. Mafuta hayakushinda kwa ukali. Yalishinda kwa kutambaa hadi kwenye tundu dogo ambalo funza hupumulia na kuliziba. Funza si lishimania, najua. Mmoja ni mdudu anayeonekana kwa macho na mwingine ni seli moja. Lakini tabia ya watafiti kupima sumu kwanza na njia baadaye ni ileile.

Mfano wenye uzito zaidi kwa upande wa wanaotetea nano ni amfoterisini iliyofungwa ndani ya liposomu, vijifuko vya mafuta vyenye upana usiozidi nanomita 100. Ndiyo dawa iliyobadilisha matibabu ya kalaazari, na inafanya kazi kwa sababu ileile iliyotajwa juu: makrofaji za ini na bandama humeza vijifuko hivyo na kupeleka dawa kwa kimelea. Kwa hiyo wazo la nano kwa lishimania limeshathibitishwa kwa wagonjwa, na anayelibeza amechelewa. Ila tuone ni nini kilichothibitishwa. Kilichothibitishwa ni chombo cha kubebea, na chombo hicho ni mafuta ambayo mwili huyavunja na kuyatumia. Muuaji ni amfoterisini, dawa inayojulikana tangu miaka ya 1950. Tena chombo kilekile kikipelekwa kwenye vidonda vya ngozi matokeo yake hayatabiriki, kwa kuwa ini na bandama hupata fungu kubwa na ngozi hupata makombo. Metali ikichukua nafasi ya chombo badala ya nafasi ya sumu, huenda ikafaa. Dhahabu hasa: haina haraka ya kuungana na kitu, na huweza kubebeshwa dawa juu ya uso wake.

Na dhahabu ina sifa nyingine inayonivutia kuliko zote. Chembe zake zikitengenezwa kwa umbo maalumu hunyonya mwanga wa infraredi, ambao hupenya ngozi, na kuugeuza kuwa joto. Lishimania ya ngozi haipendi joto. Jaribio la Kabul lililochapishwa mwaka 2005, kwa vidonda vya Leishmania tropica, liligusisha kidonda na kifaa chenye nyuzi 50 kwa sekunde 30, mara moja tu. Waliopona walikuwa asilimia 69. Waliochomwa antimoni kidondani walikuwa 75. Waliochomwa antimoni kwenye misuli, ile njia ya wiki tatu, walikuwa 45. Kifaa kinachotumia betri kilikaribiana na sindano za kidondani na kikaziacha mbali zile za msuli, bila kumwachia mgonjwa metali yoyote mwilini. Hiki ndicho kipimo ambacho kila chembenano inapaswa kushindana nacho. Chembe za dhahabu zinazopashwa moto ndani ya kidonda zinaweza kufika kwenye kingo ambazo kifaa cha juu ya ngozi hakifikii vizuri, na hapo nitasikiliza. Zikiponya asilimia ileile ya kifaa cha betri, hakuna sababu ya kumwekea mtu dhahabu usoni.

Imebaki hoja inayopendwa sana barani kwetu, kwamba chembenano zinaweza kutengenezwa kwa majani. Ni kweli tupu: maji ya mwarobaini au ya shubiri yakichanganywa na chumvi ya fedha huigeuza kuwa chembenano bila tanuri wala kemikali ghali, na chuo chochote chenye mizani nzuri kinaweza kufanya hivyo. Kwa kufundishia wanafunzi ni jambo la kupendeza. Kwa dawa ni balaa ndogo. Majani ya kiangazi si ya masika, mti wa Dodoma si wa Mombasa, na ukubwa na umbo la chembe hubadilika kila mkorogo. Nazo chembe zikiwa na ukubwa tofauti tabia zake ni tofauti. Isitoshe mwarobaini una kemikali zake zinazoua vimelea, na chembe hutoka zikiwa zimevikwa kemikali hizo. Kama kidonda kimepona, sifa ni ya fedha au ya mwarobaini? Tafiti zinazopima majani peke yake, fedha peke yake na mchanganyiko wao kwa pamoja zipo, lakini ni chache kuliko zinavyopaswa kuwa.

Lugha yetu imeipa metali hii jina moja na pesa, na katika suala hili majina hayo mawili yanakutana. Kutengeneza chembenano na kuzijaribu kwenye chupa ni kazi ya miezi na bajeti ya shahada ya uzamili. Kuwafuatilia wagonjwa mia tatu kwa miezi sita, wengi wao wachungaji na wakulima wanaoishi mbali na barabara, ni kazi ya miaka na pesa ambazo hakuna kampuni itakayozirudisha kwa kuwauzia watu hao marhamu. Kwa hiyo makala za chupa huzaa makala nyingine za chupa. Simlaumu mwanafunzi wa Tehran au Lahore. Anafanya kile anachoweza kukilipia. Lakini anayegawa pesa za utafiti, iwe serikali au mfadhili, angeacha kulipia chupa ya mia mbili na kulipia jaribio moja la watu.

Jaribio hilo lisifanyike mahali ambapo kidonda hujiponea katika miezi michache. Lifanyike nyanda za juu za Ethiopia, ambako kidonda cha Leishmania aethiopica hukaa hata miaka, au mteremko wa Elgon wakipatikana wagonjwa wa kutosha. Makundi yawe matatu: marhamu yenye chembenano, marhamu ileile isiyo nazo, na joto la nyuzi 50. Kidonda kipimwe siku ya 90 na ya 180, vimelea vitafutwe kwenye kingo badala ya katikati, fedha ipimwe kwenye damu na mkojo. Na mwaka ukishapita, mtu asiyejua nani alipewa nini akae na wagonjwa hao mchana, kwenye mwanga wa jua, aangalie rangi ya kovu.